Majina Mawili Yasiyotamkwa Isongole

Kwa maisha yake yote ya ndoa, mzee mmoja wa Isongole ameishi nyumba moja na mtu pekee aliyejua baba yake ni nani. Mtu huyo ni mke wake. Hakuwahi kumwambia, na hata leo hawezi kumwambia, kwa sababu kwa mila yetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe. Nilikuwepo siku jambo hilo lilipojulikana bila mtu kulisema. Kazi yangu ni habari, na habari huanza na nani. Hii nimeshindwa kuimaliza kwa sababu ya hilo neno moja.

Ilianza kwa simu. Mwenye nyumba ya wageni pale mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, ni jirani yangu, Mwislamu mcha Mungu ambaye hajui Kiingereza na hataki kukijua. Alinipigia asubuhi moja nikiwa najiandaa kwenda redioni.

"Mama mwandishi, nina mgeni hapa. Tangu jana ananionyesha karatasi na kulia machozi. Nimempa chai, amekunywa. Nimempa chapati, amekula. Bado analia. Njoo unisaidie kabla majirani hawajasema nimempiga."

Mgeni alikuwa mwanamke Mwingereza, mwalimu mstaafu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Hakuwa na shida yoyote ya kulilia. Alikuwa tu na furaha ya kufika, na wengine furaha huwatoka hivyo. Karatasi aliyokuwa akiionyesha ilikuwa ndefu, imekunjwa mara nyingi, na alipoitandaza juu ya kitanda ilishuka hadi sakafuni. Ilikuwa ukoo wake.

Alinieleza alivyoupata. Kwao, kila kanisa la kijiji lilikuwa na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya maziko, na vingine vimetunzwa tangu enzi ambazo huku kwetu hakuna aliyekuwa ameona karatasi. Alipostaafu alianza kwenda kuvisoma. Alianza na kaburi la babu yake, akarudi nyuma hadi kwenye ndoa ya babu, kutoka ndoa akarudi kwenye ubatizo, na kwenye ubatizo akapata jina la baba wa babu. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, hadi akafika kwa mchunga kondoo ambaye kitabu hakisemi kingine juu yake ila kwamba alizikwa mvua ikinyesha. Kulikuwa na mfua vyuma. Kulikuwa na mwanamke aliyetia alama ya msalaba siku ya ndoa yake kwa kuwa hakujua kuandika. Kulikuwa na mama aliyezika watoto watatu katika kipupwe kimoja, halafu mwaka uliofuata akabatiza wa nne na kumpa jina la yule wa kwanza. Mgeni alipofika kwa huyo aliweka kidole juu ya jina akanyamaza kidogo, kama tunavyonyamaza tukipita penye msiba.

Nilimwambia kwamba baba yangu, kule Mpuguso, huweza kuhesabu mababu zake watano akiwa anamenya ndizi, bila kitabu chochote.

"Na mabibi?" aliniuliza.

Nikakiri kwamba mabibi hawahesabu.

Watu wake wote hao walizaliwa, wakaoa na kuzikwa wakisikia kengele ile ile ya kanisa. Mpaka kwa ndugu wawili. Mkubwa alikuwa babu yake huyu mgeni, mdogo alikuwa kapera. Wote wawili walikuja Rungwe kabla ya uhuru, kusimamia shamba la chai, wakakaa nyumba moja. Mkubwa alikuja na mke, na hapa akazaliwa baba yake mgeni. Hapakuwa na kasisi wa dhehebu lao karibu, kwa hiyo mtoto alibatizwa na wamisionari. Ndiyo maana mstari wa ubatizo wa baba yake haukuwemo katika kitabu chochote cha Uingereza, na ndiyo sababu alisafiri. Katika karatasi nzima ile, mahali pa baba yake mzazi ndipo palipokuwa patupu.

Kitabu cha zamani cha misheni hakifunguliwi ovyo. Tuliomba, baraza la wazee likakaa, likakubali, tukapangiwa siku. Mzee wa kanisa mwenye ufunguo alikitoa kabatini kimefungwa kwa kitambaa cha meza, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Hiki watu wanakiogopa kuliko Biblia," alisema. "Biblia inasema dhambi za Daudi. Hiki kinasema za jirani."

Mstari wa baba yake mgeni haukuwa na shida kupatikana. Mwandiko ulikuwa mzuri, wino umegeuka rangi ya kutu. Jina la mtoto, la baba, la mama, la mashahidi. Mgeni hakulia mara hii. Aliunakili kwa penseli, akausoma tena kuhakiki kila herufi, ndipo akavua miwani.

Hapo mlango ukabishwa, akaingia mzee mmoja ameshika kofia mkononi, na gambuti zake zina udongo mweusi wa Isongole. Nilikuwa nimewahi kumwona sokoni. Ni mtu wa viazi. Ngozi yake ni nyeupe kuliko ya Mnyakyusa yeyote ninayemfahamu, ina madoadoa mashavuni, na nywele zake, kabla hazijaota mvi, watu wanasema zilikuwa za rangi ya mahindi makavu. Alisalimu kwa Kinyakyusa, mugonile, tukaitikia.

"Umefuata nini, mwenzangu?" mzee wa kanisa alimuuliza. Walikuwa rika moja, na marika hawaachi utani. "Leo si siku ya mavuno."

"Nimesikia kitabu kimefunguliwa. Kama kimefunguka kwa mtoto wa mzungu, basi na mimi kinifungukie."

"Na wewe si mzungu?"

"Wa viazi," alijibu mzee, na wote wawili wakacheka kicheko cha zamani, cha mzaha uliochakaa. Baadaye nilijua kwamba hilo ndilo jina aliloitwa shuleni tangu darasa la kwanza, na halikumchekesha wakati huo.

Alitaka asomewe mstari wake mwenyewe. Alikuwa hajawahi kuuona. Mama yake alikuwa yaya kwenye nyumba ya wazungu wa chai, ipi hakusema, na alipopata mimba alirudi kwa kaka zake Isongole. Wajomba walimlea mtoto, wakampa shamba, wakamwozesha. Kuhusu baba, mama alikuwa na jibu moja: "Baba yako alikuwa wa kwenye chai." Alikufa na jibu hilo hilo.

Mzee wa kanisa alifunua kurasa chache tu mbele ya ule mstari wa baba yake mgeni. Akasoma jina la mtoto, jina la mama, jina la shahidi, ambaye alikuwa mke wa mpishi.

"Kwenye nafasi ya baba wamechora mstari."

"Mstari tu?"

"Mstari."

"Hata 'hajulikani' hawakuandika?"

"Mstari tu, ndugu yangu."

Mzee aliomba aonyeshwe. Akaweka kidole chake kinene pembeni ya kale kamstari, bila kukagusa.

"Aliyeandika alikuwa na haraka," alisema.

Kisha akaeleza anachotaka, na alikieleza vizuri kiasi kwamba sikuhitaji kuuliza swali. Kila msiba wa kwetu una wasifu. Kabla ya jeneza kushushwa, mtu husimama na karatasi, na wasifu wote huanza namna moja: marehemu alizaliwa mahali fulani, akiwa mtoto wa kwanza au wa ngapi wa mzee fulani. Amezika wenzake wengi, na kila wasifu unapoanza hujiuliza wake utaanzaje. Wanawe wamekwisha kumwambia wataanza na mama. "Ni sawa," alisema. "Lakini watu wote pale makaburini watasikia kilichorukwa. Watakisikia kuliko kilichosomwa. Mimi nataka kusomwa kama mtu."

Mzee wa kanisa alikuna kidevu. Baraza linaweza kujaza nafasi ile, alisema, liliwahi kufanya hivyo kwa mtu mmoja. Lakini ni lazima awepo shahidi aliyejua. Aliyejua kweli, si aliyesikia kwa aliyesikia.

"Waliojua wako chini," mzee alijibu.

Nilimtafsiria mgeni kwa ufupi. Nakiri hatukuunganisha chochote wakati huo, si yeye wala mimi. Nyumba za wazungu wa chai zilikuwa kadhaa, na yaya walikuwa wengi. Mgeni alisema tu kwamba anasikitika. Mzee akamjibu kwamba asisikitike, kwa sababu bila yeye kitabu kisingefunguliwa, na mtu aliyekufungulia kitabu humwachi aondoke bila kula kwako. Akatukaribisha kwake keshokutwa.

Tulipanda Isongole kwa bodaboda mbili, mgeni amejifunga mtandio kichwani kwa baridi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, na magunia ya viazi yalikuwa yamesimama kando kando yake yakisubiri magari. Dereva wangu, kijana mwenye mdomo, aligeuza shingo kunipigia kelele kwamba akifika atadai nauli ya Ulaya, kwa sababu anapeleka mzungu kwa mzungu. Nilimwambia atazame mbele.

Nyumba ya mzee ni ya tofali za kuchoma, na jiko liko nje, limetengwa. Tulikalishwa sebuleni. Mke wake alituletea maji ya kunawa akiwa amepiga magoti, mwembamba, mweusi, mwenye mikono isiyotulia. Alipokwisha kutuandalia viazi, maharage na maziwa ya mgando, hakuondoka. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, ungo mapajani, akiendelea kuambua maharage mabichi. Mzee alimtania.

"Leo umekaa sebuleni. Umependa Kiingereza?"

"Nimependa mgeni," alisema. "Kiingereza si kinakula viazi kama mimi."

Mgeni alikula vizuri, jambo ambalo lilitufurahisha wote. Tulipomaliza, mzee alimgeukia kama tunavyomgeukia mgeni yeyote wa mbali akishakula.

"Sasa mwanangu, tueleze. Wewe ni wa nani?"

Nilitafsiri, na mgeni alifurahi mno. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, alisema. Kwao watu huuliza unafanya kazi gani. Akaitoa ile karatasi, akaitandaza juu ya meza penye mabakuli, akaanza kutoka juu kabisa. Yeye alisoma, mimi nikatafsiri. Majina mengi ya familia ile ni ya Biblia, kwa hiyo kila jina nililisema kama tunavyolisema sisi kanisani, ili wenyeji walishike. Mchunga kondoo aliyezikwa mvuani. Mzee akaitikia: ndiyo. Mwanawe, mfua vyuma. Ndiyo. Mwana wa mfua vyuma, aliyeoa yule mwenye alama ya msalaba. Ndiyo, ndiyo. Mzee alisikiliza kwa adabu, kichwa amekiinamisha, kama anayesikiliza wasifu. Maganda ya maharage yalikuwa yakidondoka kwenye mkeka.

Tukafika kwa ndugu wawili. Nikalitaja jina la mkubwa.

Maganda yalinyamaza. Niligeuka kwa sababu ya ule ukimya, nikamwona bibi amevuta khanga juu ya kichwa, imefunika hadi macho, na uso ameugeuzia ukutani. Nilidhani moshi. Mgeni, ambaye hakuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi, akasoma jina la mdogo, na mdomo wangu ukalitafsiri kabla sijafikiri. Bibi akainuka. Aliinuka kwa haraka isiyo ya umri wake, ungo ukainama, maharage yakamwagika, na akatoka nje akiwa bado amejifunika, akipita upande upande kama mtu anayepishana na mkubwa njiani.

Mimi ni Mnyakyusa wa mjini, lakini nimekuwa jikoni kwa bibi yangu. Najua nilichokiona. Kwetu kunaitwa ukutila, kuogopa kwa heshima. Bibi arusi akiletwa, wanawake wakubwa humkalisha na kumtajia wale anaopaswa kuwaogopa: baba mkwe, na ndugu za baba mkwe. Hatawatazama usoni, hatakaa nao chumba kimoja, na majina yao hatayatamka mpaka kufa, hata kama amebeba jina hilo mtume au nabii. Akilisikia ghafla, hujifunika. Akizidiwa, huondoka. Vijana wa siku hizi hawafanyi, na wengi wanacheka, lakini wanawake wa umri wa bibi yule wanafanya bila hata kuwaza, kama anavyopepesa macho mtu aliyerushiwa kitu.

Na mzee aliona nilichokiona. Mikono yake ilikuwa juu ya meza.

"Soma tena," aliniambia. Kisha hapo hapo: "Hapana. Usisome. Yuko mlangoni, atasikia."

Mgeni aliuliza kumetokea nini. Nilimtazama mzee, kwa sababu habari haikuwa yangu kuitoa.

"Mwambie," alisema. "Ni yake pia."

Kumweleza kulichukua muda. Kwanza ilibidi aelewe mila, ndipo aelewe maana yake. Nilimwona akifika. Aliinamia karatasi, akaweka kidole kwenye jina moja, akasema huyu ni babu yangu. Akakihamishia kwenye jina la pembeni, akasema huyu ni ndugu yake. Akakirudisha. Kisha akasema jambo lingine, polepole, kama anajisemea: "Bibi yangu alikuwa akiishi katika nyumba ile."

Nilitoka kwenda jikoni. Bibi alikuwa anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Niliomba radhi kwa kumtukania wakwe zake.

"Hukujua, mwanangu."

"Juba, mama yangu, ulijuaje?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza alijuaje kupika. Siku alipoletwa, alisema, mama mkwe wake alimkalisha pale pale jikoni, akawatoa wengine nje. Akamwambia: mume wako hana baba wa kuonekana, lakini huwezi kuwa mkwe bila mtu wa kumwogopa, watu watasema tumemwozesha mwana wetu kama mbuzi. Akamtajia majina mawili, mara moja, kwa sauti ya chini. Akasema, hawa ndio wako.

"Na mume wako hukumwambia?"

"Mama yake mzazi hakumwambia. Mimi ni nani? Na ningemwambia kwa mdomo upi?"

"Lakini mojawapo ni jina la mtume. Kanisani unafanyaje?"

"Namwita yule mwingine." Alicheka kidogo. "Mume wangu anafikiri sijui kuhesabu mitume."

Nikauliza swali ambalo nisingeweza kulala bila kuliuliza. Kati ya hao wawili, mama mkwe alisema ni yupi hasa?

"Hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Nimuulize ili iweje? Ndugu wa baba si baba? Mkwe ni mkwe. Unawaogopa wote, umemaliza." Akageuza jungu. "Wewe mwandishi, ulitaka nimchagulie mama mkwe wanaume?"

Kwa mila alikuwa ametimiza kila kitu. Hata hesabu yake ilikuwa kamili, kwa kuwa kwetu, akiwa ni mwana wa mkubwa au wa mdogo, kwa yule mgeni ndani mzee huyu ni kitu kimoja tu: baba mdogo. Nilirudi ndani nikasema hivyo, na mzee alikuwa wa kwanza kuinua uso.

"Kumbe nilivyomwita mwanangu sikukosea."

Mgeni aliposhika maana yake alisimama, hakujua afanye nini na mikono yake, na mwisho alimwamkia. Shikamoo yake ilikuwa mbaya lakini aliitoa yote. "Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. Sidhani kama kuna aliyemaliza maziwa yake siku ile.

Tulirudi kwa mzee wa kanisa, safari hii mke wa mzee yumo, amekaa nyuma karibu na mlango. Nilieleza kila kitu kwa utaratibu, bila kutaja majina kwa sauti. Niliyaandika kwenye kipande cha karatasi. Nilijiandaa kubishana. Sikuhitaji. Mzee wa kanisa ni Mnyakyusa, na mke wake mwenyewe hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake.

"Shahidi asiyeweza kutaja anachokishuhudia," alisema. "Huyu ndiye wa kweli. Anayetaja kwa urahisi ndiye ningemtilia shaka."

"Basi andika," mzee wa viazi akamwambia.

"Niandike lipi?"

"Yote mawili."

"Mtoto hana baba wawili."

"Kwetu anao hata wanne!"

"Kwetu ndiyo. Kitabuni nafasi ni moja, ndugu yangu, na ni nyembamba. Walioichora hawakuwa Wanyakyusa."

Walibishana hivyo kwa muda, kwa furaha kidogo, kama wanaobishania ng'ombe wa mahari ambao wote wanajua watatolewa. Mwisho baraza lilikubali jambo la katikati. Juu ya ule mstari wa zamani, kwa penseli, liliandikwa jina la ukoo wa Kiingereza, ambalo ndugu wote wawili walikuwa nalo. Mbele yake pakaachwa nafasi ya jina la mtu.

Mgeni ndiye aliyesema kwamba nafasi hiyo inaweza kujazwa. Kuna kipimo cha mate, alieleza. Yeye mwenyewe alikwisha kupima kwao, na alikuja na kichupa kimoja cha akiba endapo angekutana na mtu wa ukoo. Kipimo kinaweza kutofautisha mtu aliyezaliwa na babu yako na mtu aliyezaliwa na ndugu wa babu yako. Nilitafsiri hayo kwa wasiwasi, maana mate ya mtu kwetu si kitu cha kumpa mgeni aondoke nacho. Bibi aliguna. Lakini mzee alikwisha kunyoosha mkono.

"Lete. Nimekula nini asubuhi? Viazi. Waambie watakuta viazi."

Akatema kwenye kile kichupa, kwa bidii, mpaka alama iliyowekwa. Kisha, akiwa bado amekishika, alimuuliza swali mgeni, na nililitafsiri neno kwa neno.

"Ikiwa ni babu yako, utampenda kidogo kuliko ulivyompenda?"

Mgeni alifikiri.

"Sijui," alisema.

"Hujui," mzee akarudia, bila ukali. Akamkabidhi kichupa.

Aliondoka Tukuyu wiki ile. Tangu hapo hutupigia simu, yeye kule, mimi nikiwa nimepanda Isongole makusudi, simu imewekwa katikati ya meza. Anauliza bei ya viazi, anauliza kama mguu wa bibi bado unamuuma. Ameanza kujifunza Kiswahili, na sasa anajua kusema baba mdogo. Alitusomea jinsi alivyoichora upya ile karatasi: kutoka kwa mzee wetu ameinua mstari wa nukta nukta, umepanda kidogo, umegawanyika, tawi moja limekwenda kwa babu yake na lingine kwa ndugu wa babu.

Mara ya mwisho nilimuuliza kwa Kiingereza, haraka, mzee akiwa amekwenda kufunga ndama. Kichupa hajakipeleka. Kiko kwenye droo ya meza ile ile anayofanyia kazi ya ukoo wake. Alisema ameandika anwani juu ya bahasha, na mara mbili ameibeba hadi posta akarudi nayo. Alisema bibi yake, baada ya kurudi kwao, hakuwahi kuruhusu Tukuyu itajwe mezani, na kwamba siku zote walidhani ni kwa sababu ya homa aliyougua huku.

Mzee alirudi akijifuta mikono, akakaa.

"Mwanangu amepeleka?" aliniuliza.

Nilimwambia bado.